Karatasi ya Zanzibar na karatasi ya Komoro



Tulifika Songea siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Madukani wazazi walikuwa wakihesabu madaftari, na mwenye duka mmoja akatuambia mzigo wake wote umetoka Dar es Salaam. Lori lililouleta limepita Mafinga, katikati ya misonobari ya Sao Hill, katika wilaya ile ile ya Mufindi yenye kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Lakini Mgololo hutengeneza hasa karatasi ya kaki, ya mifuko na maboksi. Karatasi nyeupe ya kuandikia kwa sehemu kubwa hutoka ng’ambo. Basi mtu wa Songea, aliye mbali kabisa na bahari ya Hindi, kwa daftari naye ni mtu wa kisiwani.

Tunayasema haya kwa sababu ya swali tunaloulizwa na ndugu zetu: kati ya Zanzibar na Komoro, nani anaagiza karatasi nyingi zaidi? Watu huchukua takwimu za forodha, wakagawa kwa idadi ya watu, wakatoa hukumu. Zanzibar sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Komoro hawafiki milioni moja. Hesabu hiyo ni nyepesi, nayo inapotosha.

Komoro ni dola inayojitegemea, kila robota linaloshuka Moroni au Mutsamudu ni bidhaa ya nje. Karatasi ya Zanzibar nyingi hupitia Dar es Salaam, na pale huandikwa kuwa imeingia Tanzania. Ikishavuka bahari hadi Malindi, haionekani tena katika hesabu za biashara ya kimataifa. Mwenye kulinganisha hapo halinganishi matumizi, analinganisha mipaka.

Kisha kuna karatasi isiyoitwa karatasi. Forodha duniani huweka karatasi na maboksi katika sura ya 48, na vitabu vilivyochapwa sura ya 49. Misahafu na juzuu za watoto wetu ziko huko 49. Vitabu vya Kifaransa vya skuli za Komoro, huko huko. Na boksi lililokuja na biskuti ndani yake limehesabiwa biskuti.

Tofauti inayomgusa mzazi iko kwenye sarafu na bandari. Faranga ya Komoro imefungwa kwa yuro, faranga 491.96775 kwa yuro moja, kwa hiyo karatasi ya Ulaya haimpandii bei ghafla kwa sababu ya sarafu. Shilingi yetu haina kamba hiyo. Dola ikipanda, daftari linapanda nayo. Kwa upande wa bandari wao ndio wenye dhiki: Moroni haina kina, na meli kubwa hushushia mzigo nje kwenye matishari.

Sisi dhiki yetu ni kupakia na kupakua. Daftari la mtoto wa Pemba hulipiwa usafiri hadi Dar es Salaam, kisha hadi Unguja, kisha tena hadi Mkoani au Wete. Kamati za madrasa zinazokusudia kununua kwa pamoja mwakani, in shaa Allaah, ziulize bei ya mzigo ukiwa umeshafika Mkoani. Bei ya Kariakoo peke yake isiwashawishi.