Kabla ya kulaumu seva, tazama SQL

Leo nina maoni kuhusu jambo linalowasumbua wengi wanaoandika programu kwa Java. Programu inakimbia vizuri ofisini Nairobi, lakini ikifika kituo cha afya Migori au Homa Bay inatambaa kama kobe. Lawama huanza kwa seva, zikaenda kwa stima, mwisho zikatua kwa intaneti. Mimi nasema tuanze na Hibernate, yaani namna tunavyoitumia.

Kwa wasio wa fani hii: Java hufikiri kwa vitu kama mgonjwa, ziara na kipimo, ilhali MySQL huweka data katika majedwali. Hibernate, iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001, ni mkalimani kati yao. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza 2004, unaitumia, na KenyaEMR imejengwa juu ya OpenMRS. Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU Kenya, kwa hivyo mifumo ya aina hii ina kazi nyingi huko. Skrini ikiganda, mtu aliyeamka alfajiri kufuata dawa anazidi kungoja kwenye benchi.

Sasa piga hesabu. Tuseme kliniki ina wagonjwa 300 leo, kila mmoja ana ziara 40 za nyuma, na skrini inataka vipimo vya kila ziara. Usipoielekeza, Hibernate huuliza hifadhidata mara 1 kupata wagonjwa, mara 300 kupata ziara, na mara 12,000 kupata vipimo. Jumla ni 12,301. Kila swali likichukua milisekunde 5, hiyo ni dakika nzima! Ofisini ulijaribu na wagonjwa kumi wenye ziara mbili mbili: maswali 31 tu. Ungejuaje?

Tatizo la pili ni lile kosa maarufu, LazyInitializationException. Maana yake ni rahisi: umeomba data baada ya sesheni kufungwa. Wengi hukimbilia kuandika EAGER kila mahali ili kosa lipotee. Hiyo ni dawa mbaya kuliko ugonjwa. Kuanzia hapo, hata skrini inayotaka jina la mgonjwa tu inabeba historia yake yote.

Ninavyoona mimi, dawa ni hizi:

1. Washa hibernate.show_sql unapotengeneza programu, uhesabu maswali ya kila skrini.
2. Acha uhusiano ubaki LAZY, kisha vuta kinachohitajika kwa "join fetch", au kwa mafungu. Ukiweka @BatchSize ya 50, yale maswali 12,301 yanakuwa 247.
3. Jaribu kwa data bandia yenye ukubwa wa kliniki halisi. Usibebe rekodi za wagonjwa kwenye laptopu yako. Hizo ni siri za watu.
4. Usipitishe ripoti kubwa kwenye vitu vya Java. KenyaEMR yenyewe ina hifadhidata ya pembeni, kenyaemr_etl, ambamo data hupangwa upya katika majedwali mapana ya kutolea ripoti.

Wapo wanaosema tuitupe Hibernate, tuandike SQL kwa mkono. Sikubaliani nao. Kwa kuhifadhi fomu ya mgonjwa mmoja, inatuokolea kazi nyingi na makosa mengi. Lakini mkalimani hakuondolei wajibu wa kujua kinachosemwa kwa jina lako. Anayeandika programu ya hospitali bila kusoma SQL inayotoka humo anawaachia wauguzi na wagonjwa kazi ya kuijaribu.

Kwa hiyo kabla hujaandika barua ya kuomba seva mpya, hesabu maswali. Kaunti ina mahitaji mengine ya hizo pesa.