Nyumba Njema si Mlango

NAIROBI na Dar es Salaam zinashindana kurefuka. Mwaka 1973 Nairobi ilikamilisha jumba la mikutano la Kenyatta, lenye ghorofa 28; mwaka 2017 jengo la Britam, huko Upper Hill, likafika mita 200. Dar es Salaam nayo imesimamisha majengo ya ghorofa 35 karibu na bahari, likiwamo la Mamlaka ya Bandari.

Lakini ipo tofauti. Majengo marefu ya Nairobi yamekwisha kuhamia Upper Hill na Westlands. Ya Dar es Salaam ndiyo kwanza yanavuka kuingia Kinondoni, kwenye njia panda ya Morocco na Kijitonyama. Huko Temeke, kuanzia Tandika hadi Mbagala, msafiri huona zaidi mabati ya nyumba za chini zilizobanana.

Sisi hatuyapingi maghorofa. Ardhi haizai ardhi, na watu wa visiwani twalijua hilo zaidi. Ndiyo maana Mzee Karume alianzisha nyumba za Michenzani. Tunachouliza ni hiki: anajengewa nani? Magomeni Kota, wilayani Kinondoni, imetoa jibu jema. Mwaka 2022 kaya 644 za wakazi wa zamani zilipata makao katika maghorofa yaliyojengwa pale pale walipokuwa wakiishi. Ghorofa lilimrudisha mwananchi kwake, halikumsukuma pembezoni.

La pili ni usalama. Mwaka 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya Dar es Salaam, likaua watu 36. Mwaka 2016 Huruma, jijini Nairobi, ilizika watu wapatao 50. Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo. Majengo hayo hayakuangushwa na tetemeko la ardhi. Yaliangushwa na uzembe wa binadamu, na uzembe una wenyewe.

Kwa hiyo tunawataka watendaji wa Serikali, Bara na Visiwani, wasitie saini kibali cha ujenzi kabla ya kujua udongo unabeba nini, maji yatatoka wapi, majitaka yataelekea wapi, na mpangaji anayeondolewa atalala wapi. Na wakishatia saini, waende penye ujenzi wakaone kwa macho yao.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kiongozi anayehesabu ghorofa akiwa barabarani bado hajaingia.