JIKONI WIKI HII: Ndizi za Kuokwa kwa Siku za Kipupwe

Mji wa Tunduma uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti usiku wake si wa mchezo. Hata madereva wa malori wanaongoja kuvuka kwenda Nakonde huonekana wamejikunyata ndani ya makoti. Katika siku kama hizo mtoto hana hamu ya tunda. Umpapo ndizi baada ya chakula cha jioni, huishika, akalalamika kuwa ni ya baridi, akairudisha kwenye sahani. Baada ya siku mbili ganda limekwisha kuwa jeusi, nayo hutupwa jalalani pamoja na fedha ya mfanyakazi iliyoinunua.

Ndizi hiyo ya ganda jeusi ndiyo tunayoitaka leo. Kadiri ndizi inavyozidi kuiva, ndivyo wanga wake unavyogeuka kuwa sukari. Kwa hiyo ile inayodharauliwa sokoni ni tamu kuliko ile ya manjano safi iliyopangwa mbele ya meza. Itazame tu isiwe imechacha wala kuota ukungu.

Kamusi nyingi hulitumia neno "vuli" kwa majira ya Ulaya ya kupukutika majani. Mtu wa Mbozi au Ileje atashangaa, kwa maana vuli ni mvua za pwani na kaskazini. Kwetu huku mvua ni za msimu mmoja, kisha yaja mavuno, kisha baridi. Hata hivyo shauri la jikoni ni lile lile. Uingereza, matofaa yakisha kuvunwa na baridi ikibisha hodi, huyakatakata, huyafunika kwa chengachenga za unga na siagi, huyaoka na kuyala yangali moto. Nasi tunaweza kufanya hivyo bila ya kununua matofaa yaliyosafiri kutoka Afrika Kusini. Tena tunda hilo limewahi kuleta maneno: Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini, ambayo ilikuwa haipokei ndizi zetu. Zuio halikudumu, lakini ndizi za Ileje na za jirani zetu wa Rungwe hazikuhitaji kibali cha yeyote kufika mezani kwetu.

Kwa watu sita, tafuta ndizi mbivu nane za kadiri, za kisukari au mtwike. Zimenye, zikate vipande vinene vya ukubwa wa kidole gumba, uzipange ndani ya sufuria nzito iliyopakwa siagi. Zikamulie ndimu moja, kwani bila ukali wake chakula hiki huchosha ulimi, kisha nyunyizia kijiko kimoja cha chai cha tangawizi mbichi iliyotwangwa. Usiongeze sukari kwenye ndizi.

Sasa shika bakuli. Changanya kikombe kimoja cha unga wa ngano, robo kikombe cha unga wa mahindi, nusu kikombe cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa zisilainike sana, vijiko vitatu vya chakula vya sukari na chembe ya chumvi. Tia vijiko vitano vya chakula vya siagi au margarini, kisha fikicha kwa ncha za vidole mpaka uone chengachenga kama za mkate. Usitie maji, wala usikande, maana ukikanda utapata chapati isiyo na jina. Mwaga chengachenga juu ya ndizi bila kuzishindilia.

Asiye na oveni asikate tamaa, kwani bibi zetu walioka kwa kupalia makaa. Chakula cha jioni kikisha kuiva, punguza moto wa jiko, ubaki makaa machache tu chini. Injika sufuria, ifunike kwa kifuniko cha bati kisicho na kitasa cha plastiki, kisha kwa makoleo panga juu yake makaa mengi zaidi ya yale ya chini. Mtu akiacha moto mkali chini, ndizi huungua nazo chengachenga zingali mbichi. Baada ya dakika 30 hivi funua kwa uangalifu. Ukiona rangi ya kahawia na maji ya ndizi yakitokota pembeni, imeiva. Mwenye oveni aipashe moto hadi nyuzi 180 za sentigredi, aoke kwa muda huo huo.

Kazi hiyo yote ya makaa ifanyike nje au kwenye baraza iliyo wazi. Hapa nawaomba akina baba nao wasome, kwani mara nyingi ndio wanaoagiza jiko liingizwe chumbani. Katika kipupwe familia nyingi, zikisha kupika, huliingiza jiko lenye makaa ndani, hufunga mlango na dirisha, wakalala. Makaa yasiyotoa moshi hudhaniwa kuwa hayana madhara. Kumbe hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huizuia damu isichukue oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala huenda asiamke kabisa. Mkiona dalili hizo, tokeni wote nje mara moja, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Usiku wa baridi ongeza blanketi, watoto walale pamoja, na jiko libaki nje, makaa yake yamezimwa kwa maji au mchanga.

Turudi kwenye sufuria yetu. Iache ipoe dakika kumi, kwani maji ya ndizi yakiwa yametoka motoni huunguza ulimi vibaya, na watoto hawana subira. Pakua kwa kijiko kikubwa ili kila mmoja apate ndizi za chini na chengachenga za juu. Palipo na maziwa, yachemshe na uyamwagie kidogo yangali moto. Pasipo na maziwa, chai ya rangi yatosha. Zikibaki, zifunike, na asubuhi zikoroge ndani ya uji wa watoto kabla hawajaenda shule. Uji huo hauhitaji sukari.