Karamu ya Tawi Isiwe Mzigo wa Mnyonge



Kila mwisho wa mwaka wafanyakazi wa Uthiru huulizana: karamu tutakula wapi, na kila mtu atoe ngapi? Sisi twaona swali la pili ndilo lianze. Mchango ukipimwa kwa mfuko wa karani mkuu, mfagizi na kibarua watasema wana wageni nyumbani. Hawana wageni, hawana pesa. Karamu ya umoja inayowaacha hao nje haistahili jina hilo.

Safari hii twashauri tule chakula cha Kihabeshi. Uthiru na Ethiopia si wageni: taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, iliyo hapa kwetu, iliundwa mwaka 1994 kwa kuunganisha taasisi mbili, moja ya Nairobi na moja ya Addis Ababa. Na hoteli za Kihabeshi ziko Hurlingham na Kilimani, si mbali na mjini.

Chakula hiki huliwa katika sinia moja. Chini hutandikwa injera, mkate mwembamba wa unga wa tefu uliochachishwa, na juu yake hutiwa michuzi ya dengu, mboga au nyama. Hakuna sahani ya bwana na sahani ya kibarua. Wakristo wa Orthodox wa huko hawali nyama wala maziwa Jumatano na Ijumaa, kwa hiyo sinia ya mboga na dengu ni chakula kamili kwao, si makombo. Kwa kawaida ni nafuu kuliko ya nyama, na mwenzetu Mwislamu ataila bila wasiwasi.

Wako wasemao nyama choma ya hapa Uthiru haina nauli. Ni kweli, na hoja hiyo ni nzito. Lakini nyama hununuliwa kwa kilo na kuliwa kwa mbio. Aliyechelewa kutoka zamu hukuta mifupa, naye ametoa sawa na wenzake.

Basi twapendekeza hivi:

1. Mchango upangwe kwa uwezo wa mwenye mshahara mdogo kabisa, na nauli iwe ndani yake.

2. Sinia ziagizwe na bei ipatanwe mapema. Mweka hazina aulize kama bei ina kodi ya VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2. Kama haina, chakula cha shilingi 10,000 kitadai 11,800.

3. Mwenye kutaka bia ajilipie. Si haki mnywa maji kulipia chupa za jirani.

4. Wahudumu ni wafanyakazi kama sisi. Tusibishane nao juu ya bei wasiyoipanga, na bakshishi yao itengwe mapema.

Wanachama wayajadili haya katika mkutano wa tawi kabla mchango haujaanza kukusanywa. Tukishindwa kugawana sinia kwa haki, tutadaije haki ya mshahara?