Ziwa Kivu: Anayenunua boti bila kuigeuza anauza maisha ya abiria

Kwenye ziwa Kivu, kutoka Goma hadi Minova, Kalehe na kisiwa cha Idjwi, boti iliyokwisha kutumika inauzwa kwa namna moja: inapakwa rangi mpya, inaachwa ndani ya maji, motere inawashwa. Mnunuzi anasikia motere inalia vizuri, anahesabu dola zake, biashara imekwisha. Chini ya boti hakuna aliyeangalia.

Tabia hiyo inapashwa kukoma. Anayelipa hasara si muuzaji wala mnunuzi. Ni mama muhami anayepanda na watoto na magunia yake wakati vita vinapofunga barabara. Yeye hana nafasi ya kuchagua boti.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma, ikiwa na watu zaidi ya 200. Wengi walilaumu mzigo kupita kipimo, na ni haki: wingi wa watu unazamisha hata boti mpya. Mwaka 2019, kisha ajali nyingine kwenye ziwa hili, Rais Félix Tshisekedi aliamuru abiria wavae jileti za kuokolea. Hiyo pia ni haki. Lakini jileti haizibi tundu, na boti iliyooza haina mzigo unaoifaa, hata wa watu kumi.

Kuangalia boti hakuombi diploma. Ivutwe inchi kavu, igeuzwe mchana kweupe. Kisu kichomwe kwenye mti mrefu wa chini unaobeba boti nzima, na kwenye mbao zilizo karibu nao. Kisu kikiingia kama ndani ya muhogo uliopikwa, mti umeoza, na rangi ilikuwa ya kuficha. Misumari inayotoa machozi mekundu ya kutu haishiki tena. Ubao wa nyuma unaobeba motere utikiswe kwa nguvu. Ukicheza, siku moja motere itashuka ziwani pamoja nao. Ikiwa boti ni ya chuma, igongwe kwa nyundo kila mahali na kusikiliza pale sauti inapobadilika.

Kisha irudishwe majini, ilale humo usiku mzima. Mbao zilizokauka huvuja mwanzoni, halafu zinavimba na kujifunga. Asubuhi maji yatolewe yote. Yakiingia tena, muuzaji abaki na boti yake.

Hata boti nzima inaweza kuharibikia njiani. Wanaoileta kwa barabara, kwa mfano kutoka Uvira hadi Bukavu, wanaipandisha juu ya kamio ao remorki iliyotengenezwa kwa kubeba mbao ao saruji. Boti ikilala juu ya ncha mbili tu, na barabara yenye mashimo, mti wa chini unapasuka kabla ya kufika ziwani. Remorki inapashwa kuwa na miti inayoubeba kwa urefu wake wote. Na boti ikishushwa, ikaguliwe tena.

Wenye boti wanajibu kwamba wao ni maskini, na fundi anaomba makuta. Siku moja ya fundi haifikie hata bei ya motere itakayozama. Wengine wanasema muuzaji ni ndugu. Ndugu wa kweli hakatai boti yake igeuzwe. Anayekataa ameisha kujibu.

Na mtumishi wa serkali anayetia muhuri kwenye karatasi bila kuinama kuangalia chini ya boti, naye ni muuzaji wa tundu lile.

Familia za wahami hazina kisu wala fundi, lakini zina sauti. Kabla ya kulipa nauli, waulize kwa pamoja: boti hii iligeuzwa lini, na nani aliiona?