Ukiambiwa si raia, nani anapaswa kuthibitisha?

Hapa Kigoma, kuulizwa "wewe ni mtu wa wapi?" si mara zote ni salamu. Kiha na Kirundi vinasikilizana, na Ujiji ina koo nyingi ambazo wazee wao walivuka ziwa kutoka Kongo zamani. Mtu anazaliwa Kasulu, anasoma Kasulu, kisha siku anafuatilia kitambulisho cha NIDA anatakiwa kuonyesha bibi yake alizaliwa wapi. Bibi alizaliwa nyumbani kabla ya Uhuru. Cheti angekipata wapi?

Ndiyo maana leo tunairudia hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliyotolewa 22 Machi 2018. Inajulikana kama kesi ya Anudo. Mlalamikaji alikwenda polisi mwaka 2012 kwa ajili ya taratibu za ndoa yake, pasi yake ikazuiwa kwa madai kwamba uraia wake una mashaka. Mwaka 2014 akafukuzwa kwenda Kenya. Kenya nayo ikamrudisha, ikisema si mtu wake. Akabaki katikati ya mpaka wa Sirari, mahali pasipo pa nchi yoyote, na hukumu ilipotoka bado alikuwa huko.

Kilichobishaniwa ni nani abebe mzigo wa kuthibitisha. Sheria yetu ya uhamiaji inamtwisha yule anayesema ni raia. Mahakama ilikubali kwamba anayedai uraia huanza yeye, lakini huyu alikuwa na nyaraka za Tanzania na serikali ilikuwa imemtambua kama raia. Kwa hiyo mzigo ulihamia kwa serikali. Maelezo ya watu waliohojiwa kuhusu wazazi wake yalipingana, na kipimo cha vinasaba, DNA, ambacho kingemaliza ubishi, hakikufanyika. Mahakama ikaona amenyang'anywa uraia kiholela, tena bila kusikilizwa.

Jambo jingine linatugusa zaidi. Sheria ya Uraia ya 1995 ilisema uamuzi wa waziri ni wa mwisho, hauhojiwi mahakamani. Mahakama iliitaka Tanzania irekebishe sheria ili mwenye mgogoro wa uraia apate pa kulalamikia. Tarehe 28 Novemba 2019, katika kesi ya Penessis, mahakama hiyo iliikuta tena Tanzania na kosa katika suala la uraia.

Lakini wiki moja kabla ya hukumu hiyo ya pili, serikali ilikuwa imetoa taarifa ya kuondoa ridhaa inayowaruhusu watu binafsi kufungua kesi Arusha moja kwa moja. Tangu 22 Novemba 2020 mlango huo umefungwa. Mvuvi wa Kagunga hawezi tena kufuata njia aliyopita Anudo. Kwake mahakama ni hizi za hapa nchini.

Hatusemi Uhamiaji wasiulize. Mkoa huu unapakana na Burundi, una kambi ya Nyarugusu, na kukagua ni kazi yao halali. Tatizo ni pale shaka inapogeuka hukumu kwa sababu ya lafudhi au jina.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukiitwa kuhojiwa, nenda na ulichonacho: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha shule, kitambulisho cha mzazi. Acha nakala nyumbani. Ukikataliwa, omba uamuzi na sababu zake kwa maandishi, kwa sababu wakili hana pa kuanzia na maneno ya dirishani. Na kama wakili humwezi, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bila malipo. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako walipo.