Cheti cha daktari kwa njia ya simu: Mwajiri atakikubali?

MFANYAKAZI wa duka la Kariakoo anayeishi Mbagala, akiamka alfajiri akiharisha, ana vitu viwili vya kutafuta siku hiyo: dawa na karatasi. Dawa huenda akaipata duka la jirani. Karatasi, ambayo maofisini huitwa ED, haipatikani bila ya kupanda daladala, kukaa kwenye benchi hadi jina liitwe, na kulipia kumwona daktari.

Bila karatasi hiyo mshahara wake uko mashakani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mwajiri halazimiki kulipa endapo mfanyakazi atashindwa kuleta cheti cha daktari.

Kenya nako hali ni hiyo hiyo, tena siku ni chache zaidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika miezi 12, na cheti ni sharti.

Kwa kuwa sasa wapo madaktari wanaozungumza na wagonjwa kwa simu na video, swali linalojitokeza ni hili: je, cheti kilichotolewa na daktari ambaye hakumgusa mgonjwa kina nguvu ya kumtetea mfanyakazi mbele ya mwajiri?

Ujerumani imelihangaikia swali hilo kwa miaka kadhaa. Machi 2020, wakati wa janga la korona, wagonjwa wenye mafua na kikohozi waliruhusiwa kupewa cheti kwa simu ili wasijazane kwenye vyumba vya madaktari. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2023, kisha ikarejeshwa Desemba 7 mwaka huo huo, safari hii bila kikomo cha muda.

Masharti yake yanaeleweka. Kwa simu, mgonjwa lazima awe anajulikana na daktari huyo, dalili zisiwe nzito, na cheti kisizidi siku 5. Kwa video, anayejulikana anaweza kupewa hadi siku 7, na asiyejulikana hadi siku 3.

Waajiri hawakuridhika. Septemba 2024 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Christian Lindner, alitaka cheti cha simu kifutwe, akidai kuna uhusiano kati yake na wingi wa siku za ugonjwa nchini humo. Mkataba wa serikali ya mseto uliofikiwa Aprili 2025 haukukifuta, bali uliahidi kuziba mianya ya udanganyifu, na mfano uliotajwa ni tovuti binafsi zinazotoa vyeti.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Zipo tovuti ambako mtu hujaza fomu, hulipa, na hupokea cheti bila kuzungumza na daktari yeyote. Septemba 2025 mahakama ya rufaa ya masuala ya kazi mjini Hamm ilibariki kufukuzwa kazi papo hapo kwa mtu aliyewasilisha cheti cha aina hiyo. Kosa lake halikuwa kutumia mtandao. Kosa lilikuwa kumfanya mwajiri aamini kwamba daktari amemsikiliza, ilhali hakuna aliyemsikiliza.

Tukirudi kwetu, sheria ya Tanzania inataka cheti kitolewe na daktari aliyesajiliwa, au tabibu mwingine anayekubaliwa na mwajiri, na mwajiri hapaswi kukataa kumkubali huyo bila sababu ya msingi. Maneno hayo yaliandikwa wakati simu ya mkononi ilikuwa ya kupigia na kutuma ujumbe mfupi. Yanazungumzia daktari ni nani, hayazungumzii mgonjwa alikuwa amekaa wapi.

Hata hivyo, si kila kinachofaa Berlin kinafaa Temeke. Homa ya Ulaya mara nyingi ni mafua. Homa ya hapa inaweza kuwa malaria, na malaria haithibitishwi kwa video. Inataka tone la damu. Daktari wa simu anayeandika siku tatu za mapumziko kwa homa isiyopimwa anampa mfanyakazi likizo na kumnyima tiba. Kwa ugonjwa huo foleni, pamoja na adha zake, bado ina kazi.

Lakini kumbuka macho mekundu ya Januari 2024. Ugonjwa ule ulioenea Dar es Salaam na kwingineko unaonekana kwa jicho, tena huambukiza kwa urahisi. Kumlazimisha mwenye macho mekundu apande daladala na kukaa benchi moja na watoto na wajawazito, eti kwa sababu ofisi inataka muhuri, ni kusambaza ugonjwa kwa amri ya mwajiri.

Na muhuri wenyewe tusiutukuze mno. Mihuri huchongwa mitaani, na karatasi za zahanati hazina ulinzi wowote. Ujerumani tangu Januari 2023 mwajiri hachukui karatasi kwa mfanyakazi aliye katika bima ya umma. Huichukua taarifa kwa njia ya elektroniki kutoka mfuko wa bima ya afya, nayo haitaji ugonjwa. Inasema tu huyu hawezi kufanya kazi kuanzia tarehe fulani hadi fulani. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini ni meneja rasilimali watu gani asiyetaka kujua mtu anaumwa nini?

Kumbukumbu hizo hazifai kuachiwa kampuni binafsi peke yake. Huduma ya Babyl ya Rwanda, ambako madaktari walihudumia watu kwa simu tangu mwaka 2016, ilifungwa mwaka 2023 baada ya kampuni mama ya Uingereza kuanguka. Cheti kikitiliwa shaka baada ya mtoaji kufunga milango, nani atathibitisha?

Mwandishi wa makala haya anaona lipo jambo rahisi zaidi. Uingereza haimdai mfanyakazi cheti cha daktari hadi siku 7 zipite. Kabla ya hapo anajaza na kusaini maelezo yake mwenyewe. Nusu ya siku hizo ingetutosha. Daktari, awe wa simu au wa benchi, hana sababu ya kupoteza muda akithibitisha kwamba mtu mzima ameharisha jana.

Kwa sasa, aliyekatwa mshahara kwa sababu cheti chake kilitoka kwa daktari wa simu anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mgogoro wa aina hiyo hufunguliwa ndani ya siku 60. Ikiwa amefukuzwa kazi kabisa, ana siku 30 tu.